Jinsi ya kukua kiroho hatua kwa hatua: mwongozo kwa aliyeokoka karibuni

Maswali ya waamini wapya ni yaleyale kila mwaka. "Nimeokoka tangu Pasaka, mbona hasira haijaniacha?" "Nilitubu uongo, juzi nimedanganya tena; wokovu wangu ni wa kweli kweli?" "Nianze na nini: kufunga, kusoma au kukesha?" Wengi wanaouliza hivi wana bidii ya kutosha. Kinachowakwamisha ni kutaka kuacha mambo yote kwa wiki moja, na wiki ikiisha wamekata tamaa. Mwongozo huu unakufundisha kushughulika na jambo moja kwa wakati, kwa miezi, mpaka watu wa nyumbani kwako waone tofauti kabla hujawaambia.

Unamfaa Mkristo wa dhehebu lolote.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Biblia ya kitabu. Ya kwenye simu inafaa ukiwa safarini, lakini asubuhi ukishika simu utakutana na ujumbe wa kikundi cha harusi kabla hujafika Marko.
- Daftari dogo na kalamu. Liwe la kwako peke yako, na uwe na mahali pa kuliweka.
- Dakika 20 asubuhi na dakika 10 kabla ya kulala.
- Mtu mmoja mkomavu wa imani, wa jinsia yako, anayejua kutunza siri. Kama bado hujampata, anza tu. Utamhitaji hatua ya 6.
- Kanisa moja unalosali kila Jumapili. Anayehama kila mwezi kufuata mhubiri mpya hapati watu wa kumjua vya kutosha hata wamwonye.
- Miezi sita ya uvumilivu. Paulo alipokutana na Bwana njiani kwenda Dameski, hakupanda Yerusalemu mpaka ilipopita miaka mitatu (Wagalatia 1:18). Usijidai umekomaa kwa miezi mitatu.

Mafundisho marefu nayaacha. Shika jambo moja tu kabla ya kazi yenyewe: Wafilipi 2:12-13 inakuambia uutimize wokovu wako kwa kuogopa na kutetemeka, na papo hapo inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yako. Ukishika upande wa kwanza peke yake utachoka na kujilaumu. Ukishika wa pili peke yake utakaa ukingoja upepo. Yote mawili yanakwenda pamoja kila siku.

Hatua ya 1: Soma kidogo, utii kidogo

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16. Ukisoma nusu sura kwa siku utaimaliza kwa takriban mwezi mmoja. Soma polepole, kwa sauti kama mazingira yanaruhusu. Ukimaliza andika mstari mmoja tu kwenye daftari: *Leo nitii nini?*

Jibu liwe dogo, na liwe la leo. "Nitampenda jirani" halifai, kwa sababu jioni hutajua kama umelifanya. "Nitampigia kaka simu, hatujaongea tangu msiba" linafaa.

*Kosa la kawaida:* kuanzia Mwanzo ukikusudia kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Wengi huishia Walawi, mwezi wa pili au wa tatu, kisha huona aibu kurudi. Biblia nzima utaisoma, wakati wake utafika.

Hatua ya 2: Jichunguze kila jioni

Zima taa au geukia ukutani. Omba Zaburi 139:23: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha pitia siku yako tangu ulipoamka, kama mtu anayehesabu mauzo ya siku, na ujiulize maswali manne:

1. Leo Mungu amenitendea nini cha kushukuru?
2. Ni wapi nimemkosea, yeye au mtu?
3. Nini kilitangulia kabla sijakosea?
4. Kesho kuna jambo gani linaloweza kuniangusha tena?

Wakristo wamefanya hivi kwa karne nyingi. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti katika Kanisa Katoliki, katika karne ya 16 aliwafundisha wenzake kujichunguza kila siku, na alianza na shukrani. Usiruke shukrani. Anayeanza na makosa kila usiku, mwisho atauogopa usiku wenyewe.

Swali la tatu ndilo litakalokufaa kuliko yote, na ndilo watu wengi wanalolipita haraka.

Hatua ya 3: Chagua kasoro moja

Baada ya wiki mbili za kujichunguza, soma ulichoandika. Utaona jambo moja linajirudia. Inaweza kuwa ulimi: umbea, matusi, uongo mdogomdogo wa "niko njiani" ukiwa bado kitandani. Inaweza kuwa hasira, wivu, uvivu, picha chafu za kwenye simu, au kuchukua pesa za kazini kidogokidogo.

Chagua hilo moja. Liandike ukurasa mpya, kwa maneno ya wazi. Usiandike "udhaifu wa mwili" ikiwa unamaanisha unatembea na mume wa mtu. Dhambi iliyopewa jina la heshima haiondoki.

Hapa watu hunibishia: "Kwa hiyo nyingine niendelee nazo?" Hapana. Dhambi unayoijua, iache leo. Kama kuna mpenzi wa pembeni, leo. Ninachosema ni kwamba tabia, yaani lile linalokutoka kabla hujafikiri, halibadiliki yote kwa siku moja. Tabia inahitaji kulindwa mlangoni kila siku, na mlinzi mmoja hawezi kulinda milango kumi.

*Tahadhari:* usichague kasoro inayoonekana na watu kwa sababu tu inaonekana. Wapo wanaoacha hereni na suruali wiki ya kwanza huku chuki dhidi ya mawifi ikibaki ilipokuwa. Chagua ile inayomuumiza mtu.

Hatua ya 4: Iangalie kwa siku saba kabla ya kupambana nayo

Kwa wiki nzima, kila kasoro hiyo inapotokea, andika siku, saa, mahali, nani alikuwepo na nini kilitangulia. Usijihukumu, andika tu. Nitachukua mfano wa hasira. Ukurasa unaweza kusomeka hivi:

> Jumanne, saa 1 jioni. Nimemfokea mdogo wangu kwa sababu ya chaja. Sijala tangu asubuhi. Kwenye daladala nilibishana na konda kuhusu chenji.
>
> Alhamisi, saa 1 na nusu jioni. Nimemjibu mama vibaya. Sijala mchana.
>
> Ijumaa, hakuna kitu. Nilipita kwa mama ntilie nikala wali maharage kabla ya kupanda gari.
>
> Jumamosi, saa 4 asubuhi. Shemeji kaniuliza mbele ya watu lini nitaoa. Sikusema neno, lakini siku nzima nilimnunia.

Tazama ukurasa huo kwa makini. Hasira mbili za kwanza zilitokana na njaa na uchovu, na zilimwangukia mtu wa nyumbani ambaye hakuwa na kosa. Ya Jumamosi ina mzizi mwingine kabisa: aibu. Dawa ya Jumanne ni sahani ya chakula na dakika tano za kukaa kimya kabla ya kuingia ndani. Ya Jumamosi ni maombi juu ya jeraha, na pengine mazungumzo ya upole na shemeji. Mtu angeomba tu "Bwana, niondolee hasira" asingeona tofauti hiyo, na angeendelea kuingia nyumbani na njaa kila Jumanne.

Ukiona mzizi ni wa mwili, usijione mnyonge kiroho. Nabii Eliya alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19:5-6). Maneno yalikuja baadaye.

Hatua ya 5: Vua, kisha vaa

Soma Waefeso 4:22-32 mara kadhaa. Paulo hakomei kwenye "acha". Kwa aliyekuwa mwibaji anasema asiibe tena, bali afanye kazi nzuri kwa mikono yake apate kitu cha kumgawia mhitaji. Mkono uliokuwa ukichukua unafundishwa kutoa. Yesu naye alionya juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu: pepo alirudi na wenzake saba (Mathayo 12:43-45).

Kwa hiyo kila unachovua, andika utakachovaa mahali pake. Mifano:

- *Hasira.* Vua kujibu papo hapo. Vaa kushusha sauti kuliko ya mwenzako, ukikumbuka Mithali 15:1: "Jawabu la upole hugeuza hasira." Ukishindwa kushusha, toka nje uchote maji, urudi.
- *Umbea.* Vua kulisema jina la asiyekuwepo. Vaa kumsema kwa jema moja, au kumpigia mwenyewe. Omba Zaburi 141:3 kila asubuhi kabla ya kutoka: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu."
- *Uongo.* Vua kisingizio. Vaa kusahihisha palepale: "Samahani, si kweli, bado sijatoka nyumbani." Inauma. Lakini anayejua atalazimika kusahihisha hadanganyi ovyo.
- *Picha chafu.* Vua simu chumbani usiku. Vaa saa ya mezani ya kukuamsha, na simu ilale sebuleni au kwa mtu mwingine.
- *Uchoyo.* Vua kuhesabu alichonacho mwenzako. Vaa kutoa kila wiki kwa mtu asiyeweza kukurudishia, wala usipige picha.

Shika mstari mmoja wa Biblia unaohusu kasoro yako mpaka ukutoke kinywani bila kufungua kitabu. Mmoja unatosha. Wakati wa jaribu hutapata nafasi ya kutafuta.

Hatua ya 6: Mwambie mtu mmoja

Hapa ndipo watu wengi hukwama. "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa," anasema Yakobo (5:16). Mkatoliki ana sakramenti ya kitubio na anajua njia; asiipitie mara moja tu kwa mwaka. Wengine tutafute ndugu mkomavu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna urithi mkubwa katika hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka Gahini nchini Rwanda, alikofanya kazi Church, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa uamsho waliita maisha yao "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7. Walikutana katika vikundi vidogo, Mwafrika na mzungu wakiungama mmoja mbele ya mwenzake enzi za ukoloni, jambo lililokuwa zito kuliko tunavyoweza kulifikiria leo. Kwangu, hiki ndicho kitu tulichokipunguza mno. Tumebaki na mikesha mikubwa yenye spika kubwa, na ndani yake mtu anaweza kukaa miaka kumi bila yeyote kujua anapambana na nini.

Namna ya kufanya:

1. Omba miadi. "Mama, naomba nusu saa yako, nina jambo la kiroho." Usimshtukize mlangoni mwa kanisa.
2. Taja dhambi yako mwenyewe kwa jina. Usitaje za mwenzako.
3. Mwombe akuulize kila wiki swali moja: "Wiki hii imekwendaje?" Na wewe usidanganye.
4. Mwombe aombe nawe palepale.

*Tahadhari:* usiungame kwenye kikundi cha WhatsApp. Usimchague mtu wa jinsia nyingine ambaye si mwenzi wako wala mchungaji wako. Na yeyote, hata awe nabii wa jina kubwa, anayekudai pesa ili akuombee, au anayetaka mkutane faragha usiku, ondoka kwake na umwambie mtu mwingine.

Hatua ya 7: Tengeneza ulichoharibu

Zakayo, mtoza ushuru, alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne (Luka 19:8). Yesu hakumwambia "tubu tu, yatosha." Ndugu wa uamsho nao walijulikana kwa kurudisha walivyoiba.

Anza na kilicho karibu. Kama wewe ni wakala wa pesa za simu na mteja alizidisha noti ukanyamaza, na namba yake unayo, mpigie. Kama ulimchafulia mtu jina, rudi kwa walewale uliowaambia. Kama deni ni kubwa, kubali deni kwanza, kisha mpange mtalipanaje. Kama kukiri kutamweka mtu mwingine hatarini, au ni jambo la jinai, zungumza kwanza na mchungaji au padre.

Hatua ya 8: Pima kwa miezi

Petro anaorodhesha ukuaji kwa mfuatano: katika imani tieni wema, kisha maarifa, kiasi, saburi, utauwa (yaani uchaji wa Mungu), upendano wa ndugu, na mwisho upendo (2 Petro 1:5-7). Na Bwana mwenyewe alisema nchi huzaa "kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke" (Marko 4:28). Hakuna anayefukua mbegu kila asubuhi aone kama imeota.

Kila baada ya miezi mitatu rudi kwenye ule ukurasa wa siku saba uulinganishe na sasa. Usiulize "nimekuwa mtakatifu?" Uliza: Naanguka mara chache kuliko zamani? Nikianguka, narudi upesi? Nakubali kosa bila kusukumwa? Kisha muulize mtu anayeishi nawe: mke, dada, mwenzako wa chumba. Muulize ukiwa tayari kusikia, na akijibu usijitetee.

Ukiona kasoro hiyo imelegea, shukuru, endelea kulinda, na uchague ya pili.

Kuhusu kufunga

Kufunga kunasaidia, na Yesu alisema "mfungapo" kana kwamba tutafunga. Anza na mlo mmoja kwa wiki, na muda ule wa kula uombe. Kama una kisukari, vidonda vya tumbo, ujauzito, unanyonyesha au uko kwenye dawa za kila siku, muulize daktari kwanza. Unaweza kufunga soda, runinga au mitandao badala ya chakula. Dawa usiache kwa sababu ya maombi, ziwe ARV au za presha. Na pasitokee mtu wa kukuambia ufunge mpaka ufe ukamwone Yesu: mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya namna hiyo, watoto wakiwemo.

Ukikwama

*"Nimeanguka tena katika dhambi ileile."* Tubu leoleo, usingoje Jumapili. Mwambie yule mtu wako. Andika kilichotangulia, kwa sababu mara nyingi kuna mlango ulioacha wazi. Kisha kesho asubuhi endelea na Marko pale ulipoishia. Petro, baada ya Pentekoste na baada ya kula nyumbani kwa Kornelio asiyekuwa Myahudi, alijitenga na ndugu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, mezani kule Antiokia kwa kuogopa watu, na Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Hakuacha kuwa mtume.

*"Naomba, sisikii chochote."* Endelea kuomba kwa muda uleule, ufupishe maneno. Tumia Zaburi kama maombi yako. Nyingi ziliandikwa na watu waliojisikia hivyohivyo. Hali ikidumu wiki nyingi, hulali, huli, unawaza kufa, mwambie mchungaji na uende hospitali pia.

*"Tunalala watu wanne chumba kimoja, sina mahali pa kuombea."* Wengi wetu tuko hivyo. Omba ukitembea kwenda stendi, au fika kanisani nusu saa kabla ya ibada. Kujichunguza jioni kunafanyika kimya kimya chini ya chandarua.

*"Nyumbani hawaamini kama nimebadilika."* Wana haki ya kungoja. Usiwahubirie. Osha vyombo, lipa ulichokopa, rudi saa uliyosema utarudi.

*"Nimeambiwa ni pepo la hasira, nahitaji kufunguliwa."* Omba, na waombe wakuombee, Biblia haifichi kwamba mapepo yapo. Lakini ukitoka kwenye maombi, nenda kafanye hatua ya 4 na ya 5. Kama umeombewa mara nyingi na bado unaingia nyumbani na njaa na kumfokea mdogo wako, bado una kazi ya kufanya mwenyewe.

*"Nimeanza kuwaona wengine ni wachafu."* Hiyo sasa ndiyo kasoro ya kuandika ukurasa mpya. Soma Luka 18:9-14, na wiki hii mtumikie kwa siri mmoja wa hao unaowadharau.

*"Ni pombe, au bangi, au kubeti, nimejaribu kila hatua."* Uraibu unahitaji msaada zaidi ya daftari. Endelea na maombi na yule mtu wako, na uende hospitali au kituo cha tiba ya uraibu. Mpe mwenzi wako au ndugu unayemwamini akushikie mshahara kwa muda.

*"Mume wangu ananipiga, nimeambiwa nikue katika saburi."* Saburi ya Biblia haimaanishi kukubali kipigo. Nenda mahali salama kwanza, wewe na watoto. Mwambie mchungaji, mzee wa kanisa au ndugu wa karibu, na kama uko Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi. Mchungaji akikurudisha kwa anayekupiga bila ulinzi wowote, tafuta mchungaji mwingine. Hatua za kukua utaendelea nazo ukiwa salama.

*"Nimeacha kwa wiki tatu, daftari limejaa vumbi. Nianze upya?"* Hapana, hakuna kuanza upya. Fungua ukurasa unaofuata, andika tarehe ya leo, na usome nusu sura.